Pingamizi la Marehemu Léonard

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, uliyefika kwa wakati na kutuaibisha sote. Bi Rashida Mahomed, mkurugenzi wa nyumba ya sanaa. Mchungaji wetu na Sheikh wetu, mlioacha kiti kimoja wazi katikati yenu ili sahani ya sambusa ipate pa kukaa. Viongozi wa jumuiya za Wakongo, Warundi, Watanzania, na wale Wakenya wawili. Majirani wa Umbilo na wa South Beach. Mabibi na mabwana. Na wewe mgeni wetu wa heshima, Mama Sumedha Karnik, msanii, ambaye kwa ajili yako tumevaa viatu vinavyobana: nawasalimu nyote.

Kwa msionijua, naitwa Léonard. Ni kinyozi, saluni yangu iko Umbilo Road, mlango wa kijani karibu na roboti, yaani taa za barabarani. Kwa mnaonijua, tafadhali msianze kucheka, hotuba bado. Mimi ndiye yule marehemu.

Nimeandika maneno haya kwa Kiswahili cha vitabu, maana Watanzania wako ukumbini, na mara ya mwisho niliposema "watu iko mingi" kwenye harusi, walicheka mpaka bibi harusi akadhani wanamcheka yeye. Nikiteleza leo, mnisamehe. Ulimi wangu umezaliwa Uvira.

Katibu wetu, Mama Colette, amenipa maagizo pale mlangoni. Akaniambia: "Papa Léonard, unasema asante, unamtakia safari muzuri, unashuka. Hapana anza mambo yako." Mama Colette, samahani. Nimeitwa kuaga, lakini sikuja kuaga. Nimekuja kupinga. Mama Sumedha ametangaza kwamba ameacha sanaa. Anasema Jumamosi anapanda ndege kurudi India, Pune, kwa dada yake, akamsaidie biashara ya achari. Achari ya maembe, achari ya ndimu. Sina ugomvi na achari. Nimeila, nimetokwa na machozi, nimeongeza. Lakini mtu aliyeyafanya mambo haya nitakayowaeleza, amalizie siku zake akikaza vifuniko vya chupa? Napinga. Napinga mbele ya serikali, mbele ya dini zote mbili, na mbele ya mke wangu, ambaye tayari ananionyesha saa.

Hebu nianze na huyu mtu mwenyewe, maana wengi mnamjua tu kama yule mama mwenye sari na raba anayeokota vitu sokoni Warwick Junction. Siyo Mhindi wa mitaa ya hapa, wa Chatsworth wala wa Phoenix. Wahindi wa Durban wenyewe humwuliza katoka wapi. Ni Mhindi wa India yenyewe, amezaliwa mji wa Kolhapur, baba yake fundi wa mashine za sinema. Alipofika chuo cha sanaa, mwalimu aliwaambia wanafunzi wachore chungu. Wenzake wakachora chungu. Yeye akaja darasani na chungu chenyewe, kikiwa motoni, dengu ndani yake zinachemka, akasema: "Mwalimu, harufu imenishinda kuichora." Je, mwalimu alifanya nini? Alimpa sifuri, kisha akaomba bakuli.

Hapo ndipo ilipoanza hii sanaa yake. Wataalamu wana majina marefu ya kuiita. Mimi naiita sanaa ya kupanga: unachukua chumba, unapanga vitu, unaweka taa, sauti, na picha zinazotembea ukutani, na mtu badala ya kuitazama kazi ikining'inia, anaingia ndani yake kama anavyoingia nyumbani kwa mtu. Akiwa bado kijana huko Mumbai alijaza kiwanda kizima kwa sufuria za presha, zile zinazopiga filimbi, akazipangia moto hivi na vile mpaka zikawa zinapiga filimbi kwa zamu, wimbo mzima wa harusi. Majirani wakaja na sahani. Zimamoto nao wakaja, na mkubwa wao akaandika onyo kali kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili umeshika mchuzi.

Ulaya walimwita. Huko alifunga kamba za nguo chumba kizima, akaanika mashuka, na juu ya mashuka akaonyesha filamu ya mikono ya bibi yake akifua. Watu wakapita kati ya mashuka wakitazama. Siku moja mgeni akaingia ameloa mvua, akaona kamba, akaona nguo zinaanikwa, akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya: akavua shati lake akalianika. Waliofuata wakadhani ni sehemu ya kazi. Wakaliogopa. Wakaandika kurasa kuhusu shati. Mama Sumedha alipoulizwa alisema tu kwamba shati limekaa mahali pazuri, na mpaka leo liko kwenye kitabu cha maonyesho yale, na mwenyewe alirudi kwao na koti bila kitu ndani.

Naomba mkumbuke jambo hilo la shati. Popote alipofanya kazi huyu mama, watu waliingia na mambo yao, na yeye hakuwafukuza.

Kisha akaja Durban. Bi Rashida alimwalika kwa miezi mitatu. Hiyo ni miaka sita iliyopita. Nasikia Wahindi wana hesabu nzuri kuliko sisi, lakini bahari ya South Beach inaharibu hesabu ya kila mtu.

Siku alipoingia saluni kwangu nilidhani amepotea. Akasalimu vizuri, akatazama sakafu, akaniuliza kama anaweza kupewa nywele. Nikamwambia, mama, nywele za kununua ziko mlango wa pili. Akasema hapana, anataka hizi za chini, zilizokatwa, za watu wote, mchanganyiko, mfuko mzima kama inawezekana.

Ndugu zangu, jiwekeni mahali pangu. Ninyi mnajua na mimi najua: nywele za mtu hapewi mgeni. Kwetu, kinyozi anayetoa nywele za wateja hafungi saluni, anafungiwa. Ndani kulikuwa na mteja amenyolewa nusu. Akasimama pale pale, akaokota nywele zake zote, akazitia mfukoni, akatoka na nusu kichwa, na hajarudi mpaka leo. Nikamwuliza yule mama, "Za kufanya nini?" Akajibu, "Sanaa." Nikamwambia, "Eish, mama! Siku hizi ndiyo jina wanaipa?"

Nikafagia, nikachoma kila kitu nyuma ya jengo, na kwa harufu ile majirani bado wananidai maelezo. Kesho yake akarudi. Sikumkaribisha. Akakaa mwenyewe kwenye kiti, akafungua msuko wake uliofika kiunoni, akasema: "Wewe huniamini na nywele za watu. Mimi nakuamini na zangu. Kata." Nikakata, na ni kweli zilitoka upande, upande wa kushoto ukaenda likizo. Akajitazama kwenye kioo, akasema iko sawa. Siku hiyo nilijua kwamba mtu huyu ama ni mtakatifu, ama anahitaji miwani.

Tangu hapo akawa mtu wa saluni. Anakaa pembeni na kinasa sauti, anasikiliza. Na alichokiona kwetu, sisi wenyewe tulikuwa hatujakiona. Aliona kwamba sisi tunangoja. Tunangoja makaratasi, tunangoja simu ya nyumbani, tunangoja vita viishe, tunangoja Léonard amalize kusimulia ndipo aanze kunyoa. Akasema atatengeneza kazi juu ya kungoja. Akaipa jina *Anayengojewa*.

Nawaeleza ilivyokuwa, maana kesi yangu yote iko hapa. Turubai jeupe katika uwanja wa nyumba ya sanaa, pale Glenwood, limefungwa pande tatu, upande wa nne uko wazi, unatazama barabara. Ndani, viti vyeupe vya plastiki, safu kwa safu. Chini ya kila kiti spika ndogo, na humo sauti za mama zetu wa kwaya, wakiimba midomo imefungwa, jinsi mtu anavyoimba akingoja kitu kisichofika. Mbele, meza yenye kitambaa cheupe, taa ya mafuta, na picha kubwa ya huyo anayengojewa. Alihitaji uso. Aliutafuta uso huo mji mzima. Sitaki kujisifu, lakini picha ilikuwa yangu. Suti ya rangi ya haradali, kofia, mkono mmoja mfukoni. Aliniomba nitabasamu nikamkatalia. Mtu anayengojewa hatabasamu, anajua thamani yake.

Naona Wakongo wameshaanza kushika vichwa. Turubai, viti vyeupe, taa, picha ya mtu aliyevaa vizuri, na wanawake wanaimba chini chini. Sisi tuliopanga viti vile hatukuona kitu, kwa sababu tulijua ni sanaa. Yeye hakuona kitu, kwa sababu hajawahi kufiwa akiwa Mkongo.

Asubuhi ya ufunguzi akaja Mama Colette na shada. Alikuwa ameona Wahindi uwanja wa ndege wakimvika mgeni wao shada la maua ya rangi ya chungwa, akasema Papa Léonard naye leo ni mtu mkubwa. Akashuka Warwick Junction, akachagua shada zito, akaja nalo. Mimi sikuwepo, nilikuwa nyumbani napiga pasi. Mama Colette ana kazi zake, hawezi kushinda ananisubiri. Akasema: mwenyewe hayupo, basi nimvike picha. Akaivika, akarudi nyuma hatua mbili, akaridhika, akaenda kutafuta soda. Mama Colette, kuinama hakusaidii, kilemba chako kinaonekana mpaka Point, kule bandarini.

Sasa sikilizeni. Kwa Wahindi, mtu hai anavikwa shada shingoni. Ukiliona limevikwa picha, mwenye picha ameshatangulia. Kwa hiyo Mkongo aliyepita barabarani aliona viti, akasema matanga. Mhindi aliyepita aliona shada, akasema amekufa. Mnaijua Durban ninyi. Ni lini tena mmeona jamii mbili zinakubaliana jambo bila kuunda kamati?

Akapita Glody, huyu anayeuza vifuniko vya simu. Simama, Glody, wakuone. Akaiona picha yangu, akapiga magoti, kisha akapiga picha, kisha akatuma kwenye kundi la WhatsApp: "Papa Léonard ametuacha. Matanga iko Glenwood. Hapana leta viti, viti iko."

Watu wakaja! Wakaja na masufuria, na makaa, na sombe, yale majani ya muhogo, na makayabu, samaki wetu wa chumvi. Kwaya ikaja na vitambaa vyeupe kichwani, wakasikia sauti chini ya viti, sauti zao wenyewe, wasizitambue. Wakasema, kumbe wenzetu wametutangulia, wakadaka sauti ya pili. Mke wangu Élisabeth akaitwa kutoka kazini. Akafika amekasirika: "Nani amekufa? Huyu nimemuacha nyumba anapiga pasi suruali!" Ndugu zangu, hakuna aliyemwamini. Wakamkalisha mkekani, wakamfunga kitambaa, wakampa maji ya sukari, wakaambiana kwa huruma: "Pole yake, bado hajakubali." Akanipigia simu wote wakiwa wanasikiliza. Nilikuwa naoga, sikupokea. Hilo nalo likachukuliwa kuwa ushahidi.

Mimi nilifika saa nane. Ufunguzi ulikuwa wa saa tano, lakini viatu vilikuwa havijakauka rangi. Nilipoona watu wamejaa mpaka barabarani, taxi zimesimama, moshi unapanda, nikasema moyoni: Bwana asifiwe, sanaa imeshinda. Nikatia mkono mfukoni kama kwenye picha, nikaingia kwa mwendo wa pole. Hakuna aliyegeuka. Wote walitazama mbele, na mbele Glody ameshika kipaza sauti, analia: "Alikuwa na maneno mingi, huyu papa. Mingi! Lakini siku nilifika Durban sina mtu, ni kwake nililala, kwenye kiti cha kunyolea." Mimi nyuma pale nikatoa leso. Nikawaza, kumbe kuna marehemu mwingine leo, na alikuwa mtu mwema sana.

Akafuata bwana mmoja, jina nalihifadhi. Akasema: "Mimi alininyoa siku ya harusi yangu. Kwenye picha zote ninaonekana kama mbuzi alinila kichwa. Leo, mbele ya Mungu, nimemsamehe."

Wageni waalikwa, mtu unaweza kuvumilia kufa. Lakini hilo? Nikapaza sauti kutoka nyuma: "Ulitikisa kichwa! Nilikuambia usitikise kichwa!"

Yaliyofuata mnayajua. Viti vilivyoruka vilihesabiwa na Bi Rashida, siyo mimi. Mchungaji, nakuheshimu sana, lakini ulinikemea kwa jina la Yesu, na ulipoona siondoki ukamgeukia Sheikh aliyekuwa anapita barabarani, ukamwomba naye ajaribu.

Ilipobainika kwamba niko hai, swali likawa moja tu: chakula? Chakula cha matanga hakirudishwi nyumbani. Basi wakala, na mimi nikala, nilikuwa na njaa. Na ndipo alipoingia yule mtaalamu. Alitoka ng'ambo, amekuja kuchagua kazi za kupelekwa kwenye maonyesho makubwa huko kwao, na Mama Sumedha alikuwa amemngoja mwaka mzima. Kabla hajasema neno alishapewa sahani ya fufu, ugali wetu wa muhogo, akaambiwa wanaume wanakaa upande huu. Akauliza kwa adabu marehemu ni nani. Akaonyeshwa: "Yule pale, anaongeza sombe."

Bi Rashida alimwuliza Mama Sumedha kama awatoe watu. Mama Sumedha alikuwa amesimama pale upande wa wazi. Akavua raba zake, akasema, "Waache." Akakaa chini na wanawake. Yule mtaalamu akarudi kwao, akaandika kwamba kazi imemezwa na umati na msanii amepoteza usukani.

Hapa mtaniruhusu niweke mzaha pembeni kidogo.

Nina kaka, Doudou, anakaa Johannesburg. Tulikuwa hatusemezani kwa miaka. Mama yetu alipofariki Uvira, yeye alivuka mipaka kwa mabasi akamzika. Mimi makaratasi yangu yalikuwa yamekwisha; ningetoka, nisingerudi kwa mke wangu na watoto. Nikabaki. Akaniambia kwenye simu, "Hata kukaa chini kwa ajili ya Mama umeshindwa," akakata. Na alisema kweli. Ungekaa chini kuomboleza wapi, katika flati ya chumba kimoja, na zamu ya kazi inakungoja asubuhi?

Habari ya kufa kwangu ilimfikia upesi. Ya kufufuka ilichelewa, simu yake ilizima njiani. Kesho yake akashuka kwenye basi, akaingia kwenye turubai akilia kwa sauti, akanikuta mstari wa mbele nakunywa chai. Akanizaba kofi ambalo hata lile shati la Ulaya lingelisikia. Kisha akanikumbatia, na hakuniachia. Kisha akatazama huku na huku, akasema: "Viti iko. Taa iko. Watu iko. Tumulilie Mama."

Akatoa picha ndogo ya Mama kwenye pochi, akaiweka mezani. Nikakaa chini, na ile suti. Nikamlilia mama yangu kama inavyotakiwa, na watu wakanishika mabega kama inavyotakiwa. Nilikuwa nimebeba kilio kile muda mrefu sana. Niliumia na nilishukuru, vyote kwa pamoja.

Waliotuona wakatoka. Wakarudi na picha zao, nyingine wamezitoa kwenye simu na kuzichapisha dukani pale Umbilo Road, wino bado mbichi. Baba aliyezikwa Bukavu bila mwanawe. Dada wa Bujumbura. Mama mmoja wa Kihindi aliyekuja tu kuuliza kelele ni za nini alirudi na picha ya mumewe. Meza ikajaa. Tukaanza kuziegemeza kwenye viti, kila picha kiti chake, sisi tukakaa mkekani. Wiki nzima. Na zile sauti chini ya viti zikiendelea kuimba.

Sasa, kwa nini anaacha? Nilimwuliza wiki iliyopita nikimnyoa, maana bado namnyoa, na bado zinatoka upande. Akasema: "Léonard, mimi nilitengeneza foleni. Ninyi mkatengeneza kilio. Kazi ile haikunihitaji." Miaka miwili hajagusa kitu. Mtu aliyekuwa akiona ndoo anatabasamu, sasa akiona ndoo anateka maji.

Haikukuhitaji? Mama Sumedha, nitazame. Sisi tuko mji huu miaka kumi, wengine ishirini. Maturubai tunayo. Viti vya plastiki tunavyo, vingine vina jina la kanisa mgongoni na kanisa lenyewe linavitafuta. Taa tunazo, na misiba, Mungu anajua, hatujawahi kupungukiwa. Mbona hatukukaa? Kila mtu alilia bafuni kwake, bomba limefunguliwa, ili jirani asisikie. Ni nani aliyevipanga viti vile vikatazama upande mmoja? Ni nani aliyeacha ule upande wa barabara wazi, mtu apite, aone, aingie bila kuulizwa? Yule mtaalamu anasema ulipoteza usukani. Sisi ambao tulikuwa ndani ya gari tunasema tulifika.

Lakini najua sifa hazimzuii mtu kupanda ndege. Kwa hiyo naleta sheria.

Mheshimiwa Diwani, kwetu matanga yakifunguliwa lazima yaondolewe. Iko siku yake: watu wanaoga, wanavaa vizuri, wanacheza muziki, taa inazimwa kwa utaratibu, na maisha yanaendelea. Na anayeyaondoa ni yule aliyeyafungua, siyo mwingine. Kabla ya siku hiyo mwenye matanga hasafiri, hahami, wala haanzi biashara mpya. Achari, ndugu zangu, ni biashara mpya.

Je, nani alifungua matanga yangu? Glody alitangaza tu. Mama Colette alileta maua tu. Turubai lilikuwa la nani? Taa aliiwasha nani? Na je, yaliondolewa? Hayakuondolewa. Turubai lilikunjwa, kila mtu akachukua picha yake akaenda. Hakuna aliyeoga, hakuna aliyecheza. Doudou amewapigia wakubwa wetu wa Uvira kuuliza tufanyeje. Wamebishana siku tatu, hawajawahi kupata kesi ya namna hii, na jana wametoa jibu: matanga yamefunguliwa kwa jina la Léonard, yataondolewa Léonard akishazikwa.

Jumatatu nilikwenda kliniki. Presha nzuri. Sukari nzuri. Nesi ameniambia nina moyo wa kijana. Kwa hiyo, Mama Sumedha, Pune utakwenda, hatukatai. Lakini utanizika kwanza, na mimi sina haraka hata kidogo.

Neno la mwisho. Iko mama mmoja South Beach, sitamtaja, amekaa mstari wa nne. Mwezi uliopita amefiwa na kaka yake huko nyumbani, na hakuweza kwenda. Alikuja saluni akaniuliza: "Yule mama anafungua lini tena?" Hakusema neno sanaa. Alisimama tu mlangoni na picha mkononi, akingoja jibu. Mjibu wewe.

Nyamazeni kidogo. Anasema kitu. Mama Colette, mpelekee kipaza sauti... Rudia, Mama, kwa nguvu.

Kwa ninyi wa nyuma msiosikia: anauliza viti vingapi.

Vyote, Mama. Vyote! Mheshimiwa Diwani, samahani sana, hebu inuka, na hicho chako tunakihitaji. Ninyi wengine mtanisikiliza mkiwa mmesimama, na bahati yenu nimemaliza. Kwa kunivumilia mpaka hapa, mimi pamoja na marehemu, tunawashukuru sana.